Uzamivu wa Sheria na Makambi ya Mkonge

Mawakili wenzangu hapa Tanga huniuliza ninatafuta nini katika shahada ya uzamivu ilhali leseni ya uwakili ninayo na wateja ninao. Swali hilo ni la haki, na nimeona nilijibu kwa maandishi kwa sababu wapo vijana wanaomaliza uzamili wa sheria wakitamani kuendelea, huku wakidhani kwamba mbele yao kuna miaka mingine ya mihadhara na mitihani. Uzamivu kwa njia ya tasnifu ni kazi ya namna nyingine. Mwanafunzi anatakiwa kutoa dai kuhusu sheria ambalo hakuna aliyekwishalitoa na kulithibitisha, kulijengea hoja katika mamia ya kurasa, kisha kulitetea kwa mdomo mbele ya watahini walioisoma tasnifu yake kwa nia ya kuitafutia udhaifu.

Kwa mtu aliyezoea mahakama, ugumu unaanzia hapo. Wakili huletewa dai na mteja, naye akatafuta vifungu na hukumu zinazolibeba. Ana wajibu wa kutoipotosha mahakama, lakini yanayolipinga dai lake mara nyingi huletwa na upande wa pili, na ndivyo shauri linavyokwenda. Mtafiti hana upande wa pili. Ni juu yake mwenyewe kuyatafuta mambo yanayoibomoa hoja yake, kuyaandika waziwazi kwa nguvu zake zote, na ikiwa yanaibomoa kweli, kuibadili hoja. Nimeishi na kazi hii kwa muda sasa, na ninaamini kwamba hakuna mafunzo mengine ya sheria yanayomlazimisha mtu kuwa mkweli kwa kiasi hiki.

Somo langu ni haki za ardhi za watu wanaoishi katika makambi ya zamani ya mkonge mkoani Tanga. Mkonge haukuwa wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche mingi ilikufa njiani, ikabaki 62, na hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, dola ya Kijerumani ilitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na kwa kuwa mwenye kuamua ipi ina mwenyewe na ipi haina alikuwa dola hiyo hiyo, mashamba makubwa yalipatikana. Watu wa kuyalima ndio waliokuwa adimu. Wenyeji wa pwani na Wabondei walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata mkonge kwa ujira ule, ndipo wakaletwa manamba kutoka mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na makambi yakajaa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Baada ya hapo nyuzi za viwandani ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, uzalishaji ukaporomoka, na katika miaka ya 1990 mashamba yakaanza kurudishwa mikononi mwa watu binafsi. Katika mabadiliko yote hayo hati zilihama kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine, lakini watu wa makambi hawakuhama. Walikuwa wamezaa, wamezika, na wamelima mihogo na mahindi katika vipande vya ardhi ambavyo mkonge wake ulikwisha kufa. Wajukuu wa manamba wako pale hadi leo, na wengi wao hawajawahi kuiona Kigoma wala Songea.

Habari hizo zinajulikana na wanahistoria wamezieleza vizuri. Ila habari si swali la utafiti. Andiko langu la kwanza lilihusu haki za ardhi za wananchi wa Tanga kwa jumla, kama yalivyo maandiko ya kwanza ya karibu kila mwanafunzi, na msimamizi wangu alilirudisha akiwa ameandika pembeni ya kichwa cha habari: "Bwana wakili, ni nani hasa, katika ardhi ipi, na mbele ya kifungu kipi?" Kujibu maswali hayo matatu kulichukua muda mrefu kuliko jambo lingine lolote nililolifanya hadi sasa, na kama ningepewa nafasi ya kumshauri mtu anayeanza, ningemwambia asiwe na haraka ya kulitoka eneo hilo, kwa kuwa swali likiwa pana, tasnifu itakuwa muhtasari wa vitabu vya wengine hata ikiandikwa kwa bidii namna gani.

Jibu la swali la "nani" lilinijia nilipoisoma upya hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa haki hiyo bila fidia stahiki. Tangu hapo mwenye haki ya kimila ana ngao, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kwamba haki hiyo ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Mwenye shamba la mkonge naye ana hati yake ya miaka 33, 66 au 99. Mjukuu wa manamba yuko upande gani? Hati hana, na mila ya nani ataitegemea? Babu yake alikuja kwa mkataba wa kazi. Hakupewa ardhi na ukoo wa mahali pale, wala hakuifyeka kwa desturi ya Wabondei. Sheria inawaona wawili hawa waliosimama pande mbili, naye amekaa katikati yao bila jina.

Hapo ndipo utafiti wa sheria unapogawanyika, na mwanafunzi sharti achague. Wapo wanaobaki ndani ya maktaba, wakiichambua sheria kwa kuilinganisha na sheria: vifungu, hukumu, kanuni, historia ya muswada. Wapo wanaotoka kwenda kuona sheria ikifanya kazi kwa watu. Binafsi siamini kwamba mmoja ni mtafiti zaidi ya mwingine, na ninasikitika ninapowasikia wasomi wetu wakidharauliana kwa jambo hili. Somo langu limenilazimisha kufanya yote mawili, kwani bila vifungu nisingejua la kuuliza uwandani, na bila uwanda nisingejua kifungu kipi kina uzito.

Upande wa vifungu, nitoe mfano mmoja. Sheria mbili za ardhi zilitungwa pamoja mwaka 1999 na zikaanza kutumika siku moja, tarehe 1 Mei 2001, lakini tafsiri ya ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, haifanani katika sheria hizo. Sheria ya Ardhi inaiongezea ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika; Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Msomaji wa haraka atasema ni tofauti ndogo ya uandishi. Kwa kijiji kilichopakana na shamba la mkonge, na hasa kwa kitongoji kilichomo ndani ya shamba lenyewe, tofauti hiyo inaweza kuamua ni nani mwenye mamlaka ya kugawa ardhi: halmashauri ya kijiji au Kamishna wa Ardhi.

Upande wa uwanda ulianza na barua. Chuo huandika barua ya kibali cha utafiti, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo inashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila ngazi huongeza barua yake. Wenye haraka huichukia safari hii. Mimi naitetea, kwa sababu mgeni anayeuliza habari za mipaka ya mashamba katika vijiji hivi anagusa mahali penye maumivu, na ni haki ya watu kujua ametoka wapi.

Mahali paliponifunza zaidi kuliko nilivyotarajia ni masjala ya baraza moja la ardhi na nyumba la wilaya. Majalada yamefungwa kwa utepe, mengine yameliwa pembeni na wadudu, na ndani yake mwenendo wa shauri umeandikwa kwa mkono wa mwenyekiti. Katika baraza hili mwenyekiti hukaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na sheria inawataka watoe maoni yao kabla hajaandika hukumu. Mahakama ya Rufani imebatilisha mashauri mengi kwa sababu tu maoni hayo hayakuonekana kwenye jalada au hayakusomwa mbele ya wadaawa. Mawakili tunayajua maoni ya wazee kama sababu ya rufaa, kwa maana ya kwamba tunafungua jalada kuangalia kama yamo au hayamo, na tukiona yamo tunapita. Nilipoanza kuyasoma, niliyakuta yamejaa elimu. Mzee mmoja ameandika katika nusu ukurasa wa karatasi ya mistari jinsi msimamizi wa shamba, enzi za korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge, kufanya kazi usiku na mchana, alivyowagawia wakataji mkonge ardhi ya bondeni ili wajilishe wenyewe, na kwamba mgao huo haukuwa na siku ya mwisho. Mwingine, katika shauri hilo hilo, anasema ruhusa ilikuwa ya mazao ya msimu tu, na aliyepanda mnazi au mwembe alijua kwamba anajitwalia zaidi ya alichopewa.

Suala hilo la miti lina uzito wake pwani. Kwa desturi za huku kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ulipoota ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu huuza, huweka rehani na hurithisha minazi bila kuigusa ardhi. Mawazo ya sheria ya Kiingereza kwamba kilichoota ardhini ni sehemu ya ardhi yalikuja na meli. Kwa hiyo mzee wa baraza anapozungumzia mwembe katika shamba la mkonge, anatoa ushahidi kuhusu ukubwa wa ruhusa iliyotolewa, na huo ndio moyo wa mgogoro wenyewe. Sijaona kitabu cha sheria kilichoyakusanya maoni hayo. Yamo masjala, yanalala, na jalada likichakaa yanapotea.

Katika kambi moja upande wa Muheza nilimkuta bibi mmoja anapalilia mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama na mkoba wangu, akauliza, "Mwanangu, na wewe umekuja kupima?" Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, sipimi, naye akaona afadhali anionyeshe kwanza karatasi zake kabla sijasema lolote zaidi. Zilikuwa katika mfuko wa nailoni: stakabadhi kadhaa za kodi ya maendeleo, cheti cha kliniki cha mwanawe, na kadi ya kipande ya marehemu baba yake, ile iliyokuwa na visanduku vya siku 30 za kazi, vingine vimetiwa alama na vingine vitupu. Aliishika kadi ile kwa mikono miwili. Kwake huo ni ushahidi kwamba baba yake alikuwa pale tangu zamani na kwamba shamba ni lao.

Mbele ya mahakama kadi ile inaweza kusema kinyume. Ni msimamo wa muda mrefu wa mahakama zetu kwamba mwalikwa hawezi kumtoa aliyemkaribisha, hata akikaa miaka mingapi, na katika shauri la Wadhamini Waliosajiliwa wa Masista wa Roho Mtakatifu Tanzania dhidi ya January Kamili Shayo na wenzake 136, Mahakama ya Rufani ilieleza mambo ambayo anayedai ardhi kwa ukaaji wa muda mrefu lazima ayathibitishe, likiwemo kwamba hakuwa na ruhusa ya mwenye ardhi na kwamba muda wa miaka 12 umepita. Kadi ya kipande inathibitisha ruhusa. Karatasi ambayo familia imeitunza kwa vizazi vitatu kama kinga yake ndiyo ambayo wakili wa upande wa pili angeipokea kwa shukrani.

Bibi aliniuliza kama karatasi zile zinatosha. Wanafunzi wa uzamivu hufundishwa kuhusu ridhaa ya mhojiwa na usiri wa taarifa zake, na mambo hayo nayazingatia. Majina yote nimeyaficha, na kambi zimepewa herufi. Lakini mtafiti aliye wakili hukutana na jambo ambalo fomu ya ridhaa haiwezi kulimaliza: anayehojiwa ana shida ya kisheria, na anayemhoji ana ujuzi wa kumsaidia. Nilimwambia ukweli kwamba stakabadhi za kodi ni za manufaa, na kwamba kadi ya baba yake asimkabidhi mtu yeyote kabla ya kupata ushauri, kisha nikamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kumchukua awe mteja wangu nisingeweza, maana ningekuwa natafiti shauri langu mwenyewe.

Kuhusu vitabu, anayedhani ni lazima ahamie Dar es Salaam ili asome sheria kwa kina anajinyima. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na kwa sisi wa mkoa huu kuna pia maktaba ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto. Kinachohitaji safari ni Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako ziko kumbukumbu za utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Ada na gharama za safari ni nzito kwa anayejilipia, na mapato ya ofisi hupungua. Sina la kuongeza katika hilo ila kwamba familia ishirikishwe kabla ya kuanza. Kuhusu msimamizi, aangaliwe zaidi kwa anavyosoma kazi za wanafunzi wake kuliko kwa wingi wa machapisho yake. Wangu hukaa na sura yangu muda mrefu, na ikirudi imejaa wino, na ninaihesabu kuwa bahati.

Sasa nieleze dai ambalo tasnifu italitetea, kwa kuwa wapo watakaosoma hapa na kuweza kulikosoa mapema, jambo ambalo ningelipokea kwa mikono miwili. Misingi ya sera iliyowekwa mwanzoni mwa Sheria ya Ardhi, katika kifungu cha 3, inataka haki zilizopo na ukaaji wa muda mrefu uliotambuliwa viwekwe wazi na kulindwa na sheria; na inapofika kwenye fidia, kifungu hicho kinataja haki ya kumiliki kwa hati, kinataja ukaaji wa muda mrefu uliotambuliwa, na kinataja matumizi ya kimila, kila kimoja kwa nafasi yake. Bunge lisingetaja vitu vitatu kama vilikuwepo viwili tu. Ninachodai ni kwamba mkazi wa kambi, asiye na hati wala mila, yuko katika fungu hili la kati, na kwamba utambuzi unaohitajika umekwisha kufanywa na dola yenyewe pale iliposajili kambi kuwa kitongoji, ikajenga shule, ikaendesha uchaguzi wa mwenyekiti na kukusanya kodi kwa jina la mahali hapo. Baada ya hapo si sahihi kuendelea kumhukumu kama mwalikwa wa mwajiri aliyekwisha kufilisika zamani.

Pingamizi kubwa alilitoa mhadhiri mmoja nilipowasilisha sura ya nne katika semina. Alisema kumtambua mtu kuwa mkazi ni jambo la sheria za serikali za mitaa, na kutambua haki yake katika ardhi ni jambo la sheria za ardhi. Dola inaweza kujenga shule juu ya ardhi yenye mgogoro bila kusema lolote kuhusu mwenye ardhi. Pingamizi hilo ni zito na sitalipunguza makali. Jibu langu linategemea mfuatano wa matukio. Kama hati ya shamba ilihuishwa au kuhamishwa kwa mmiliki mpya baada ya dola kuwa imesajili kitongoji ndani ya mipaka ile ile, basi aliyetoa hati alijua kwamba ardhi ina watu, na mmiliki mpya aliipokea akijua. Ikiwa hati ilitangulia na usajili ukaja baadaye bila mwenye hati kushirikishwa, mhadhiri yule ana hoja kunizidi. Jibu moja kwa makambi yote halitapatikana, na sura ya tano italazimika kuyatenga. Kazi iliyobaki kwangu ni ya tarehe: kukaa katika ofisi za ardhi na za halmashauri, kuipata siku ya usajili wa kila kitongoji nilichokitembelea, na kuiweka kando ya siku ya kila uhamisho wa hati ya shamba kinamokaa.